Marconi: Kijana asiye na shahada aliyeifundisha biashara kuzungumza bila waya

MFANYABIASHARA wa vitunguu katika soko la Misuna mjini Singida anapopokea ujumbe wa simu kumjulisha kuwa malipo ya mzigo alioupeleka Dar es Salaam yameingia, ni nadra kumfikiria mtu aliyefariki dunia miaka mingi kabla yeye hajazaliwa.

Vivyo hivyo mwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti, ambaye kila auzapo dumu hutoa risiti kwa mashine ya kielektroniki inayopeleka taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila waya wowote kuonekana. Wakala wa benki wa Manyoni au Kiomboi naye hufungua kibanda chake asubuhi akiamini kuwa mtandao upo, na usipokuwepo hufunga.

Shughuli zote hizo husimama juu ya mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Mtu aliyeyatoa mawimbi hayo katika maabara za wanasayansi na kuyapeleka sokoni ni Guglielmo Marconi, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1937.

Maisha yake yanastahili kusomwa na wafanyabiashara kama yanavyosomwa na wanafunzi wa fizikia. Mitandao isiyotaka kuzungumza na mingine, ujumbe unaoingiliwa na wajanja, gharama zinazomlemea mtumiaji na viongozi wa serikali kuhusishwa na hisa za kampuni za mawasiliano si mambo mapya. Yote yalitokea katika uhai wa mtu huyo.

Kuzaliwa na malezi

Marconi alizaliwa Aprili 25, 1874 katika mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo maarufu wa watengenezaji wa wiski.

Kijana huyo hakung'ara shuleni na hakupata kuwa mwanafunzi rasmi wa chuo kikuu. Lakini mama yake alimtetea daima na kumfundisha Kiingereza, lugha ambayo baadaye ilimfungulia milango ya London.

Jirani yao, Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, alimruhusu kuhudhuria mihadhara na kutumia maktaba. Ni kwa njia hiyo Marconi alizifahamu kazi za Mjerumani Heinrich Hertz, aliyethibitisha mwishoni mwa miaka ya 1880 kuwa mawimbi ya sumakuumeme yanaweza kusafiri hewani.

Hertz alifariki Januari 1894 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka huo, Marconi alisoma makala ya kumbukumbu yake, na wazo likamwingia: iwapo mawimbi hayo yanavuka chumba, kwa nini yasibebe ujumbe na kuvuka milima?

Wanasayansi wengi wa wakati huo waliyatazama mawimbi kama jambo la kuchunguzwa. Kijana wa miaka 20 aliyatazama kama chombo cha kazi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maisha yake.

Alianza majaribio katika chumba cha juu cha nyumba ya familia, Villa Griffone, huko Pontecchio. Mwaka 1895 aligundua kuwa akisimamisha waya mmoja juu na kuuzika mwingine ardhini, mawimbi yanakwenda mbali zaidi. Mwaka huohuo alifaulu kupeleka ishara umbali wa kilomita mbili hivi, hata nyuma ya kilima.

Jambo la kilima si dogo. Kama mawimbi yangekoma kila yanapokutana na mwinuko, uvumbuzi huo usingekuwa na faida kubwa kwa biashara.

London na kuzaliwa kwa kampuni

Nchini kwao hakupata wa kumuunga mkono. Mapema mwaka 1896, yeye na mama yake walisafiri kwenda Uingereza, nchi iliyokuwa na meli nyingi kuliko nyingine yoyote duniani na kwa hiyo yenye haja kubwa ya mawasiliano yasiyohitaji waya.

Huko alipokewa na jamaa wa mama yake, mhandisi Henry Jameson-Davis, na baadaye akatambulishwa kwa William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza. Juni 2, 1896 aliwasilisha maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wake.

Mei 1897 ujumbe wake ulivuka mlangobahari wa Bristol, umbali wa kilomita sita. Miezi miwili baadaye, Marconi, akiwa na miaka 23, alianzisha kampuni ambayo mwaka 1900 ilipewa jina lake. Mwaka 1898 kiwanda cha kutengeneza mitambo hiyo kilifunguliwa katika mji wa Chelmsford, na kinatajwa kuwa cha kwanza cha aina yake duniani.

Wateja wa mwanzo walikuwa watu waliopata hasara kwa kuchelewa kwa habari. Gazeti moja la Dublin lilimtumia mwaka 1898 kupata matokeo ya mashindano ya mashua kabla mashua zenyewe hazijarudi pwani. Lloyd's ya London, soko kuu la bima za meli, iliingia naye mkataba mwaka 1901, kwa kuwa mwenye kuikatia meli bima hutaka kujua mapema kama imefika au imezama.

Kampuni ilikutana na kikwazo cha kisheria. Posta ya Uingereza ilikuwa na haki ya pekee ya kutoza malipo ya ujumbe, hivyo Marconi hakuruhusiwa kuuza huduma kwa kila neno.

Njia waliyoipata ni ya kuvutia. Badala ya kuwauzia wenye meli mitambo, waliwakodisha mitambo hiyo pamoja na mwendeshaji aliyeajiriwa na kampuni. Mwenye meli alilipia huduma, si kifaa. Mtu anayelipia kifurushi cha mwezi leo bila kumiliki mnara wala mtambo wowote anafuata kanuni iyo hiyo.

Nukta tatu juu ya Atlantiki

Mwaka 1900 Marconi alipata hataza nyingine, namba 7777, iliyohusu namna ya kuoanisha mtambo wa kupeleka na wa kupokea katika masafa mamoja. Kabla ya hapo vituo viwili vilivyofanya kazi karibu vilivurugana.

Bila upangaji wa masafa, mitandao mingi haiwezi kuishi katika anga moja. Kazi ya kugawa masafa, ambayo hapa nchini hufanywa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inatokana na tatizo ambalo Marconi na wenzake walipambana nalo zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Desemba 12, 1901, akiwa St. John's katika kisiwa cha Newfoundland, Marconi alitangaza kuwa amesikia nukta tatu, alama ya herufi S, zilizotumwa kutoka Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Waya wa kupokelea ulikuwa umeinuliwa na tiara, na umbali ulikuwa takriban kilomita 3,500.

Baadhi ya wataalamu wamelitilia shaka tukio hilo hadi leo, kwani mashahidi walikuwa yeye na msaidizi wake tu. Hata hivyo, kampuni ya simu za chini ya bahari iliyokuwa na haki ya pekee Newfoundland haikungoja ushahidi. Ilimtishia mara moja kumfikisha mahakamani. Wafanyabiashara hao walielewa kuwa kebo zao zimepata mshindani.

Mwaka uliofuata, akiwa ndani ya meli, Marconi alirekodi ishara kwenye karatasi na kubaini kuwa mawimbi husafiri mbali zaidi usiku kuliko mchana. Oktoba 17, 1907 huduma ya kibiashara kati ya Ireland na Canada ilianza. Kampuni yake ilikaa zaidi ya miaka kumi tangu kuanzishwa bila kuwapa wenye hisa gawio, lakini ilikuwa imefika.

Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun, aliyeboresha mitambo ya kupeleka mawimbi.

Mtandao uliokataa kuzungumza

Sura isiyopendeza ya mafanikio hayo ilikuwa ukiritimba. Waendeshaji wa Marconi waliagizwa kutojibu ujumbe wa meli inayotumia mitambo ya kampuni nyingine, isipokuwa katika hatari. Lengo lilikuwa kuwalazimisha wenye meli wote kujiunga na mtandao mmoja.

Mwaka 1902 Mwanamfalme Heinrich, ndugu wa Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani, alikuwa akirejea kutoka Marekani kwa meli yenye mitambo ya Kijerumani. Vituo vya Marconi havikuitikia. Ujerumani ilighadhibika, ikaitisha mkutano wa mataifa mjini Berlin mwaka 1903, na mwaka huohuo ikaziunganisha kampuni zake katika kampuni ya Telefunken.

Mkataba wa Berlin wa mwaka 1906 ulitamka kuwa vituo vya pwani na meli ni lazima vipokee ujumbe bila kujali mtengenezaji wa mtambo. Marconi aliupinga, lakini ulipita.

Watanzania wanalifahamu tatizo hilo kwa sura nyingine. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwenye duka alilazimika kuwa na laini tatu au nne, au kumwambia mteja akatoe fedha taslimu kwa wakala na kulipa makato.

Mwaka 2014 Tigo, ambayo tangu 2024 inatumia jina la Yas, pamoja na Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufikia hatua hiyo.

Mnunuzi wa kuku wa kienyeji anayezunguka Ikungi na Mkalama alinufaika mara moja. Hakuhitaji tena kumuuliza mfugaji anatumia laini gani kabla ya kupatana bei.

Wajanja wa mwaka 1903

Marconi alijigamba kuwa mfumo wake wa kuoanisha masafa unalinda siri. Juni 1903, katika onyesho lililofanyika mbele ya wanasayansi jijini London, mtambo wa kupokea ulianza kuandika maneno ya kejeli kabla ya ujumbe halisi kufika.

Aliyefanya hivyo alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe na mtaalamu wa telegrafu, aliyekusudia kudhihirisha kuwa mawasiliano hayo yanaweza kuingiliwa. Wenye kampuni walikasirika, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli. Kinachopita hewani hupita mbele ya kila mtu, na usalama wake ni lazima utengenezwe.

Leo ujumbe wa simu na malipo hufumbwa kwa hesabu ngumu kabla ya kurushwa. Hivyo tapeli wa sasa hahangaiki na mawimbi, bali humwendea mtumiaji mwenyewe. Ujumbe mfupi unaomtaka mtu atume fedha kwenye namba nyingine umewaliza wengi mijini na vijijini, hata baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole uliokamilishwa mwaka 2020. Namba ya siri anayopewa jirani au wakala haiwezi kulindwa na mnara wowote.

Bahari, uhai na fedha

Januari 1909 meli ya abiria Republic iligongwa karibu na pwani ya Marekani. Mwendeshaji wake, Jack Binns, alipeleka wito wa msaada kwa saa nyingi, na watu wapatao 1,500 wakaokolewa.

Aprili 1912 ikafuata Titanic. Jack Phillips na Harold Bride, waliokuwa kwenye chumba cha mawasiliano, walikuwa waajiriwa wa Marconi. Jioni ile walikuwa wamezama katika kazi ya kupeleka ujumbe binafsi wa abiria, ujumbe uliolipiwa, wakati maonyo ya barafu yakiendelea kuingia.

Meli nyingine iliyokuwa karibu, Californian, haikusikia wito kwa kuwa mwendeshaji wake pekee alikuwa amekwenda kulala. Watu zaidi ya 700 waliookolewa na Carpathia walipona kwa sababu mwendeshaji wa meli hiyo alikuwa bado macho. Zaidi ya 1,490 walipotea.

Marconi mwenyewe alikuwa amealikwa kusafiri na Titanic, lakini alitangulia Marekani kwa meli nyingine. Umati ulimshangilia New York. Baada ya ajali hiyo, sheria na mikataba ilizitaka meli kubwa kuwa na mtu kwenye mitambo saa 24. Dunia ilikubali kuwa mtandao unaolala usiku ni hatari.

Mwaka huohuo ulimletea pia misiba. Septemba alipata ajali ya gari nchini Italia na kupoteza jicho la kulia. Jijini London nako kulizuka kashfa: baadhi ya mawaziri walinunua hisa za tawi la Marconi la Marekani wakati serikali yao ikiwa na mkataba mkubwa na kampuni mama. Mmoja wa waliotajwa, Rufus Isaacs, mwanasheria mkuu wa serikali, alikuwa ndugu wa mkurugenzi mtendaji wa kampuni. Bunge lilichunguza, mawaziri wakanusurika, lakini imani ya umma ilitikisika.

Afrika Mashariki katika ramani yake

Mkataba uliozua kashfa hiyo ulihusu mlolongo wa vituo vya kuunganisha makoloni ya Uingereza bila waya. Katika orodha ya vituo vilivyopangwa, kimoja kilikuwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo. Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mpango huo.

Upande wa Tanganyika, Wajerumani walitumia mitambo yao wenyewe, wakiwa na vituo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Agosti 8, 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, manowari za Waingereza ziliishambulia Dar es Salaam, na shabaha yao kuu ilikuwa mnara wa mawasiliano. Kabla ya kulenga ghala au ngome, walilenga mtandao.

Koloni lilizingirwa baharini na mawasiliano yake na Ulaya yakawa ya kubahatisha. Upungufu wa sarafu ulipozidi, mwaka 1916 Wajerumani walifua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilitoka katika mgodi wa Sekenke, Iramba, ambao leo uko mkoani Singida.

Kwa hiyo Singida ilionja mapema maana ya uchumi uliokatiwa mawasiliano. Mali ilikuwapo ardhini, lakini njia ya kuipatanisha na dunia ilikuwa imefungwa.

Baada ya vita Marconi aligeukia mawimbi mafupi, akifanya majaribio ndani ya Elettra, boti ya kifahari aliyoinunua mwaka 1919 na kuifanya maabara. Yeye na mhandisi wake, Charles Franklin, waligundua kuwa mawimbi mafupi yaliyoelekezwa kama mwanga wa tochi hufika mbali kwa nguvu ndogo ya umeme. Vituo vya aina hiyo vilianza kuiunganisha Uingereza na Canada mwaka 1926, kisha Australia, Afrika Kusini na India mwaka 1927.

Bei ya ujumbe ilishuka na kampuni za kebo zikaanza kupoteza wateja. Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ilisimamia kuunganishwa kwa kampuni za kebo na shughuli za mawasiliano za Marconi chini ya kampuni moja, ambayo mwaka 1934 ilichukua jina la Cable and Wireless. Kebo ya chini ya bahari iliyofika Zanzibar mwaka 1879 na mawimbi ya Marconi vikawa na mwenye mali mmoja.

Muungano huo wa waya na mawimbi ndio mfumo wa leo. Simu ya mtu aliyeko Kiomboi huongea na mnara kwa mawimbi. Kutoka hapo taarifa hupita kwenye kiungo cha mawimbi ya maikro kutoka mnara hadi mnara, au kwenye nyuzi za kioo za mkongo wa taifa, hadi kwenye kompyuta za kampuni. Ikihitaji kuvuka mipaka, hupita kwenye kebo kama ya Seacom iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Hata hayo mawimbi ya maikro yana alama ya kidole cha Marconi. Mwaka 1933, akikaribia miaka 60, alikamilisha simu ya mawimbi hayo kati ya Vatican na makazi ya Papa ya Castel Gandolfo.

Doa katika sifa

Sifa za Marconi hazikosi doa, na kwa msomaji wa Afrika doa hilo si la kupuuza. Mwaka 1923 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini. Mwaka 1930 Mussolini alimfanya rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Nyaraka zilizojadiliwa na wanahistoria miaka mingi baadaye zinaonyesha kuwa majina ya Wayahudi waliopendekezwa kuingia katika chombo hicho yaliwekewa alama, na hakuna aliyekubaliwa.

Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Marconi alizunguka nje kuitetea nchi yake. BBC, shirika ambalo kampuni yake ilishiriki kulianzisha mwaka 1922, lilimkatalia nafasi ya kuzungumzia suala hilo hewani. Mtu aliyeipa dunia sauti alitumia heshima yake kutetea vita dhidi ya taifa huru la Kiafrika.

Aidha, si sahihi kusema kuwa alivumbua redio peke yake. Alijenga juu ya kazi za Hertz, Oliver Lodge wa Uingereza, Nikola Tesla, Alexander Popov wa Urusi na Jagadish Chandra Bose wa India. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza yake kwa kuwa wengine walimtangulia. Kilichokuwa chake bila ubishi ni uwezo wa kuunganisha vipande, kutafuta mtaji, kupata wateja na kutokata tamaa.

Katika maisha ya nyumbani alimwoa Beatrice O'Brien wa Ireland mwaka 1905, ndoa iliyovunjika mwaka 1924. Mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali, na binti yao akapewa jina la Elettra, lile lile la boti.

Kinachobaki kwa Singida

Kwa mkulima wa Singida, thamani ya mtandao hupimwa kwa bei. Zamani aliyebeba magunia hadi mnadani aliikuta bei aliyopangiwa na walanguzi, na kurudi na mzigo ilikuwa hasara zaidi. Leo hupiga simu kabla ya kuvuna. Minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) imeongeza hatua nyingine, kwa kuwaruhusu wanunuzi walio mbali kushindania mazao kama ufuta na korosho.

Hata hivyo, mtandao haujamaliza kila dhuluma. Simu humwambia mkulima wa vitunguu bei ya gunia, lakini haimzuii mnunuzi kudai lumbesa. Bei sahihi juu ya kipimo cha wizi bado ni wizi, na tiba yake ni mizani na sheria.

Gharama nayo ni kipimo. Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Wapo waliorejea kubeba fedha taslimu mabegani, na kurejea huko ni kurejea kwenye hatari za barabarani ambazo mtandao ulikuwa umeziondoa. Marconi aliwashinda wenye kebo kwa kushusha bei, wala si kwa ubora wa sauti.

Suala jingine ni maeneo ambayo mnara haujafika. Kampuni hujenga penye wateja wengi, na vijiji vilivyotawanyika vya nyanda kavu haviwavutii. Ndiyo maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kugharamia minara pasipo na faida ya haraka. Mkulima aliye nje ya mawimbi huuza kwa bei ya jana.

Marconi alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Rome Julai 20, 1937, akiwa na umri wa miaka 63. Italia ilimzika kwa heshima za kitaifa, na vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili kumkumbuka. Mwili wake uliwekwa chini ya Villa Griffone, nyumba alikoanzia majaribio, na mji huo leo unaitwa Sasso Marconi.

Dakika mbili za ukimya zilikuwa heshima kwa marehemu. Kwa wakala wa Manyoni, mwenye duka wa Singida mjini na mnunuzi wa alizeti wa Iramba, ukimya wa namna hiyo leo humaanisha wateja kusimama foleni, fedha kukwama na mzigo kubaki ghalani. Wanaosimamia mitandao nchini wanapaswa kulikumbuka hilo kila wanapopanga bei, ujenzi wa minara na usalama wake.